Bottesini alikuwa nani hasa: mpiga kontrabesi, mtunzi au kiongozi wa opera?

Swali la msomaji: "Mwalimu, shikamoo. Binti yangu ana miaka 14 na anajifunza kontrabesi. Juzi mwalimu wake amempa kipande cha Giovanni Bottesini akifanyie mazoezi. Nikaanza kutafuta habari za huyo bwana, nikazidi kuchanganyikiwa. Huku wanamwita Paganini wa kontrabesi, kama yule mpiga fidla maarufu, kule wanasema ndiye aliyeongoza opera ya *Aida* ilipochezwa mara ya kwanza, pengine naambiwa ametunga opera zake kadhaa ambazo sijaona zikichezwa popote. Je, alikuwa mpiga ala, kiongozi wa okestra au mtunzi? Na kama alikuwa mkubwa kiasi hicho, mbona nje ya wapiga kontrabesi hajulikani?"

Marahaba, ndugu yangu, na umpe binti hongera zangu. Kuchagua kontrabesi (au besi, kwa kifupi), ile ala ya nyuzi yenye sauti nzito inayomzidi mtu kimo, si jambo dogo.

Huko kuchanganyikiwa hakukuanza na wewe. Wanaoandika kuhusu Bottesini huwa wanamkata mapande: wapiga besi wanachukua konserto zake (vipande vya mpigaji mmoja akisindikizwa na okestra) na fantasia zake (vipande alivyojenga juu ya nyimbo za opera), wanahistoria wa opera wanachukua ule usiku mmoja wa Cairo *Aida* ilipochezwa mara ya kwanza, na opera alizotunga mwenyewe zinaachiwa makabati ya maktaba. Ukimsoma hivyo utadhani ni watu watatu walioshirikiana jina. Mimi ninavyomwelewa, alikuwa mtu wa jumba la opera, basi. Alikulia humo, akapata riziki yake humo, na hata aliposimama peke yake na besi mbele ya watu, alichokuwa akikipiga kilikuwa opera. Ukilishika hilo, mengine yote yanajipanga, hata hilo la kusahauliwa kwake.

Alizaliwa Crema, mji mdogo wa Lombardia kaskazini mwa Italia, tarehe 22 Desemba 1821. Baba yake, Pietro, alikuwa mpiga klarineti na mtunzi, kwa hiyo nyumbani muziki ulikuwa kazi ya kila siku. Mtoto alianzishwa fidla na padri wa hapohapo, Carlo Cogliati, akaimba kwaya kanisani, na akiwa bado mdogo akakabidhiwa ngoma za timpani katika okestra ya jumba la maonyesho la mji. Fidla, kuimba, timpani: besi haimo kabisa.

Besi ililetwa na suala la ada. Mwaka 1835 baba alitaka kumwingiza mwanawe katika chuo cha muziki cha Milan, na nafasi za ufadhili zilizokuwa zimebaki zilikuwa mbili tu, moja ya fagoti na nyingine ya kontrabesi. Kijana mwenye fidla mkononi angechagua ipi? Alichagua ile yenye nyuzi. Akajifua wiki chache, akaenda kufanyiwa mtihani. Husimuliwa kwamba alipokosea noti kadhaa mbele ya watahini aliwaambia, bila kutetereka, kuwa anajua amekosea, ila akishajua pa kuweka vidole hatarudia tena. Sijui kama maneno yalikuwa hayo hayo, lakini chuo kilimpokea. Na hicho ndicho chuo kilichokuwa kimemkataa Giuseppe Verdi, mtunzi wa *Aida*, miaka mitatu kabla, mwaka 1832. Leo kinaitwa kwa jina la Verdi. Mambo ya vyuo hayo.

Mwalimu wake wa besi alikuwa Luigi Rossi. Lakini mimi humtazama zaidi mwalimu mwingine, yule wa utunzi, Nicola Vaccai. Vaccai alikuwa mtunzi wa opera, na alitunga kitabu cha mazoezi ya sauti ambacho wanafunzi wa uimbaji wanakitumia mpaka leo. Kwa hiyo Bottesini alijifunza kutunga kwa mtu ambaye akisikia mstari wa muziki, swali lake la kwanza ni mwimbaji atavuta pumzi wapi. Fungua ukurasa wowote wa Bottesini uone: sentensi zake zina mahali pa kupumua, ingawa upinde hauhitaji hewa.

Alimaliza chuo mwaka 1839, akiwa na miaka 17, na zawadi ya faranga 300 kwa upigaji wake. Fedha hizo, pamoja na mkopo wa jamaa, zilimnunulia besi iliyotengenezwa na fundi wa ukoo wa Testore wa Milan mwaka 1716. Inasemekana aliikuta katika jumba la maonyesho ya vikaragosi, imetelekezwa. Hiyo ndiyo iliyokuwa sauti yake maisha yake yote, nayo ingali hai mpaka sasa.

Hapa naomba tukae kidogo, maana bila kuielewa ala yenyewe huwezi kuona alichokifanya.

Uzi wa fidla unaotetema una urefu wa sentimita 33 hivi. Wa kontrabesi unapita mita moja, mara nyingi sentimita 105 au zaidi. Matokeo yake yako mkononi. Mpiga fidla akituliza mkono mahali pamoja, kutoka kidole cha kwanza hadi cha nne anashika noti nne za ngazi (do, re, mi, fa) bila kuhama. Mpiga besi akiwa chini, karibu na kichwa cha ala, mkono mzima uliotanuka unafunika toni moja tu, yaani hatua kama ya kutoka do hadi re. Wimbo ambao mtoto wa fidla anaupiga akiwa ametulia, binti yako anaupiga mkono ukipanda na kushuka muda wote, na kila kuhama ni nafasi ya kukosea. Ndiyo maana kwa miaka mingi watunzi waliipa besi kazi ya kuushikilia msingi, na hakuna aliyeitegemea iimbe.

Sasa panda juu. Oktava ya kwanza ya uzi (kutoka do hadi do inayofuata juu) inakula nusu nzima ya urefu wake. Oktava ya pili inakula robo tu. Kadiri unavyokaribia daraja, kile kibao kinachobeba nyuzi, ndivyo noti zinavyosogeleana, mpaka mkono uliokuwa ukifunika toni moja unafunika nusu ya ngazi. Huko juu kidole gumba hutoka nyuma ya shingo ya ala na kulazwa juu ya uzi wenyewe, kikawa mwanzo mpya wa uzi unaohama nawe. Wapiga selo walikuwa wakifanya hivyo zamani. Bottesini alihamia huko akakaa kama mwenyeji. Sehemu kubwa ya muziki wake wa peke yake inapigwa kupita nusu ya uzi wa kwanza, pale ambapo okestra haimpeleki mpiga besi ila mara chache.

Kisha kuna zile sauti za filimbi. Ukiugusa uzi bila kuukandamiza, katikati yake hasa, unatoa oktava. Ukigusa kwenye theluthi unatoa oktava na noti ya tano juu yake. Kwenye robo, oktava mbili. Kwenye moja ya tano, oktava mbili na noti ya tatu. Kwenye fidla sauti hizi ni nyembamba mno. Kwenye uzi wa mita moja zinatoka nene, tamu, na kila pointi ina mwenzake upande wa pili: unachokipata kwenye robo ya mwanzo unakipata pia kwenye robo ya mwisho, karibu na daraja. Huko, mwisho wa ubao wa vidole na kupita kidogo, pointi hizo zimejaa karibu karibu kiasi kwamba unaweza kutengeneza wimbo kwa kugusa tu. Bottesini alizifanya sentensi. Anapiga mstari kwa sauti ya kawaida, kisha anaurudia juu kabisa kwa filimbi hizo, kama mwimbaji anayerudia ubeti kwa sauti ya chini ili ukumbi mzima usogee mbele kusikiliza.

Kulinganisha nyuzi nako alikuwa na namna yake. Besi ya okestra leo ina nyuzi nne, kutoka chini kwenda juu E, A, D na G. Yake ilikuwa na tatu, jambo la kawaida Italia na Uingereza enzi hizo, na kwa muziki wa peke yake alizikaza zaidi, mara nyingi toni moja juu, zikawa B, E na A. Uzi wa enzi hizo, wa utumbo wa mnyama, ukikazwa hivyo unang'aa, unaacha kunguruma na kuanza kusema. Na upinde aliushika mkono ukiwa juu ya mti wake, jinsi mpiga selo anavyoushika, tofauti na Domenico Dragonetti, jabali wa Venice aliyetawala besi London hadi alipofariki 1846. Dragonetti alishika upinde kwa chini, namna ya kale, na sifa yake kuu ilikuwa nguvu: besi moja iliyoweza kuikokota okestra nzima. Bottesini alifika London 1849, watu wakiwa bado na sauti ya Dragonetti masikioni, akawapigia kitu ambacho hawakukitarajia, sauti ya soprano, mwimbaji wa kike wa sauti ya juu kabisa, ikitoka kwenye kabati la mbao. Jina la Paganini lilimganda kuanzia miaka hiyo.

Mimi hilo jina silipendi sana. Paganini alikuwa akitafuta kisichowezekana na kukionyesha. Bottesini pia alikuwa na vidole vya ajabu, lakini alichokitafuta ni kuimba. Cheza *Elegia* yake katika D halafu uniambie ni wapi ndani yake anajionyesha.

Turudi kwenye safari zake. Mwaka 1846 alikwenda Havana pamoja na rafiki yake wa chuoni, mpiga fidla na mtunzi Luigi Arditi, akawa mpiga besi mkuu katika jumba la Teatro Tacón. Huko huko Havana, 1847, opera yake ya kwanza ikapanda jukwaani: *Cristoforo Colombo*. Kutoka Cuba akazunguka Marekani. Mwaka 1854 alikuwa Mexico na kampuni ya opera, wakati serikali ikitafuta wimbo wa taifa. Shairi la Francisco González Bocanegra lilikuwa limeshashinda, na Bottesini alikuwa miongoni mwa waliolitilia muziki. Muziki wake haukuwaingia watu. Uliopita ni wa Jaime Nunó, na ndio unaoimbwa hadi leo. Huwa napenda kulitaja hili kwa wanafunzi wanaodhani kipaji kinatosha popote: wimbo wa taifa unataka uimbwe na umma uwanjani, ilhali yeye alikuwa akiandikia koo zilizofundishwa.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya kuongoza okestra. Kuanzia 1855 hadi 1857 aliongoza Théâtre-Italien ya Paris, na huko 1856 ikachezwa opera yake *L'assedio di Firenze*. Baadaye Palermo, kisha Barcelona, na mwaka 1871 msimu wa opera za Kiitaliano katika Lyceum ya London, ambako *Alì Babà* yake ilichezwa. Florence nako alikuwa mmoja wa walioanzisha chama cha kupiga kwateti, muziki wa wapigaji wanne, na kwateti yake ya nyuzi katika D ilimpatia tuzo ya Basevi mwaka 1862. Kwa nini aongoze, mtu mwenye vidole vile? Kwa sababu besi ya peke yake haikuwa na mshahara. Konserto moja ya besi ilijaza ukumbi kwa usiku mmoja kwa vile watu walitaka kuona maajabu. Msimu wa opera ulimlipa kiongozi miezi mizima.

Ila hakuiacha besi nyumbani. Katika kumbi nyingi alizoongoza, ilikuwa ni kawaida pazia likishuka mwisho wa tendo, kiongozi mwenyewe apande jukwaani na Testore yake. Jaribu kuuona usiku wa *La sonnambula* ya Bellini. Soprano ametoka kuimba, watu wangali wanapangusa macho. Anatokea huyu bwana na ala kubwa kuliko yeye, na wimbo ule ule uliokuwa kooni kwa soprano dakika chache zilizopita unaanza upya, kwenye uzi wa kontrabesi, ukipambwa kila ubeti. Hizo ndizo fantasia zake: juu ya *La sonnambula*, juu ya *Lucia di Lammermoor* ya Donizetti, juu ya *I puritani* na *Beatrice di Tenda*. Wapo wanaozidharau wakisema ni nyimbo za wengine zilizotiwa nakshi. Wanasahau kwamba ziliandikwa kwa wasikilizaji waliokuwa na wimbo wenyewe kichwani, waliojua kila neno lake, na waliokuwa wakisikiliza kama besi itathubutu kufika pale alipofika soprano. Leo binti yako atazipiga kwa watu wasioijua opera hiyo, na nusu ya mzaha unapotea. Kwa hiyo kabla hajapiga fantasia yoyote, asikilize kwanza mwimbaji.

Sasa Cairo. Jumba la opera la Khedive Ismail, mtawala wa Misri, lilifunguliwa mwezi Novemba 1869, mwezi ule ule uliofunguliwa mfereji wa Suez, na ndiyo maana bado utasikia watu wakisema *Aida* ilitungwa kwa ajili ya mfereji. Sivyo. Siku ya ufunguzi wa jumba ilichezwa *Rigoletto*. *Aida* iliagizwa baadaye, kwa malipo ya faranga 150,000 kwa Verdi, ikapangwa ichezwe mapema 1871, ikakwama kwa kisa cha ajabu: mapambo ya jukwaa na mavazi, yaliyokuwa yakitengenezwa chini ya macho ya mwanaakiolojia Auguste Mariette, yalizuiliwa Paris pamoja na Mariette mwenyewe, mji ukiwa umezingirwa na jeshi la Prussia.

Verdi mwenyewe hakwenda Misri. Alitaka kwanza mwanafunzi wake Emanuele Muzio aongoze, tarehe zikasogea, Muzio akawa hapatikani, kazi ikamwangukia Bottesini. Fikiria uzito wake: opera mpya ya mtunzi mkubwa kuliko wote wa Italia, mtunzi hayupo, na wewe ndiye wa kwanza duniani kuisikia ikipigwa kwa okestra nzima. Verdi alimwandikia akitaka habari za mazoezi, na hasa za sehemu ya mwisho kabisa, pale wapenzi wawili, Aida na Radamès, wanapoimba wamefungiwa kaburini. Hakujali sana kelele za matarumbeta. Alitaka kujua kama zile kurasa tulivu za mwisho zinafanya kazi. Hapo ndipo unapoona kwa nini alihitajika kiongozi mwenye sikio la namna ya Bottesini. Mtu aliyetumia maisha yake kutafuta sauti nyembamba inayosikika mpaka kiti cha nyuma ndiye wa kumuuliza swali kama hilo.

Usiku wenyewe ulikuwa tarehe 24 Desemba 1871. Antonietta Pozzoni aliimba Aida, Pietro Mongini akawa Radamès. Ukumbi ulijaa mabwana wakubwa na wageni waalikwa, jambo ambalo Verdi hakulifurahia, kwani yeye alihesabu onyesho la La Scala, jumba la opera la Milan, la Februari 1872 kuwa ndilo la kweli. Bottesini aliendelea na kazi Cairo kwa miaka kadhaa baada ya hapo. Jumba lenyewe liliteketea kwa moto mwaka 1971, likiwa limebakisha miezi miwili tu litimize karne moja tangu usiku ule.

Na opera zake? Iliyokaribia zaidi kudumu ni *Ero e Leandro*, iliyochezwa Turin mwaka 1879. Maneno yalikuwa ya Arrigo Boito, huyo huyo atakayemwandikia Verdi *Otello* na *Falstaff*. Boito alikuwa ameanza kuitilia muziki mwenyewe, akaghairi, akampa Bottesini. Ilipokewa vizuri, ikazunguka kumbi kadhaa, ikanyamaza. *La regina del Nepal*, 1880, ilikaa muda mfupi zaidi. Mwaka 1887 alitunga oratorio (muziki wa kidini wa waimbaji na okestra) ya Kiingereza kuhusu bustani ya Mizeituni kwa ajili ya tamasha la Norwich, nayo ikafuata njia hiyo hiyo.

Hapa ndipo ninapolijibu swali lako la pili. Kwenye opera, Bottesini alikuwa fundi mzuri katika mtaa uliojaa mafundi, na mtaa huo ulikuwa na Verdi. Aliandikia sauti vizuri, aliijua okestra ndani nje, lakini hakuwa na kitu ambacho jumba la opera lingekikosa kama asingekuwepo. Ladha aliyolelewa nayo, ya Bellini na Donizetti, ilikuwa imeshapitwa na wakati hata kabla *Ero e Leandro* haijapanda jukwaani. Kwenye besi hali ni kinyume. Ladha ile ile ya zamani, wimbo mrefu juu ya okestra nyepesi, hakuna mwingine aliyeipeleka kwenye ala hii kwa kiwango kile, wala kabla wala muda mrefu baada yake. Kilichokuwa cha kawaida kooni kwa mwimbaji kilikuwa kipya kabisa kwenye uzi wa besi. Ndiyo maana opera zimekufa na vipande vya dakika tano vinaishi.

Na kwa nini vinaishi kwa wapiga besi peke yao? Sababu ni ya kawaida sana: hakuna mwingine anayeweza kuvitumia. Mpiga piano anapiga kazi za Chopin nyumbani kwake, hivyo Chopin yuko kila nyumba. Konserto ya besi inahitaji mpiga besi aliyefika mbali, na hao kwa muda mrefu walikuwa wachache. Baada yake alikuja Serge Koussevitzky, Mrusi aliyeanza kama mpiga besi, akatunga konserto yake mwanzoni mwa karne ya 20, kisha akawa kiongozi wa okestra ya Boston. Halafu kukawa kimya tena kwa miongo mingi, mpaka wapigaji kama Gary Karr wa Marekani na Franco Petracchi wa Italia waliporudisha besi mbele ya jukwaa katika nusu ya pili ya karne hiyo. Thomas Martin naye alizirekodi kazi za Bottesini moja baada ya nyingine, zikiwemo zilizokuwa zimelala katika maandishi ya mkono. Leo Konserto namba 2 ni miongoni mwa vipande ambavyo okestra nyingi za Ulaya huwatahini navyo wapiga besi wanaoomba kazi. Hilo lina kichekesho chake, kwa kuwa mwenye kufaulu kwa kipande hicho anaajiriwa ili asipige tena kitu kama hicho.

Mwisho wake ulikuja haraka. Aliteuliwa kuwa mkurugenzi wa chuo cha muziki cha Parma, Verdi akiwa amemuunga mkono, akaanza kazi mapema 1889. Tarehe 7 Julai mwaka huo akafariki, ana miaka 67. Amezikwa Parma, katika makaburi ya Villetta, na Paganini amelala makaburi hayo hayo.

Kuhusu binti yako, hujaniambia ni kipande gani alichopewa. Kama ni *Elegia* au *Rêverie*, mwalimu wake anajua anachokifanya, kwa sababu vinamfundisha kuvuta upinde polepole bila sauti kukatika, na huo ndio msingi wa muziki wote huu. Asikimbilie *Tarantella*. Kila mwanafunzi anaitaka, inapendeza, na inaharibu mkono usiokomaa. Kama ni Konserto namba 2, aanze na sehemu ya katikati, ile ya pole, aiimbe kwa mdomo kwanza. Akikosa pumzi kabla sentensi haijaisha, anaikata mahali pasipo pake, na ndivyo upinde wake nao utakavyoikata. Katika sehemu hiyo okestra haifanyi mengi, na wakosoaji huiita nyembamba. Mimi naona ni kazi ya kiongozi wa opera aliyejua jinsi ya kuinyamazisha okestra mwimbaji anapoimba.

Na kabla hujalipa nakala ya noti, tazama karatasi ya piano. Kwa kuwa Bottesini alikaza nyuzi toni moja juu, machapisho mengi ya konserto hiyo yana karatasi mbili za piano. Ya A ndogo (A minor) ni ya besi yenye nyuzi za okestra. Ya B ndogo (B minor) ni ya besi iliyokazwa kwa ajili ya kupiga peke yake, ambapo mpigaji anasoma A ndogo lakini ala inatoa B ndogo. Karatasi ya besi ni ile ile katika hali zote mbili. Muulize mwalimu anamfundisha kwa nyuzi zipi, kisha mpe mpiga piano karatasi inayolingana nazo. Na kama ni nyuzi za kukazwa, zinunuliwe zilizotengenezwa kwa kazi hiyo, asizikaze zile za okestra alizonazo sasa: zinalemea mbao za ala, na zinaweza kukatika mkononi mwake.